Mcheza kwao hutuzwa, mbona mtafiti hutuzwa ugenini?

Kila mwaka, Sikukuu ya Jamhuri inapowadia mwezi wa Desemba, serikali hutangaza orodha ndefu ya Wakenya waliotunukiwa nishani. Magazeti huichapisha, na kwa siku mbili tatu hivi watu huipitia kwa kidole wakitafuta jina la jamaa au la jirani. Humo hukuta wanasiasa, makamanda, wakuu wa mashirika, wanariadha na, hapa na pale, jina la profesa fulani. Mwulize msomaji wa orodha hiyo profesa huyo alitafiti nini, naye atakutazama kimya. Si kosa lake. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu. Kwanza kama mhadhiri anayeishi kwa kuomba ruzuku na kuzikosa, na pili kama mtu wa isimu ambaye kazi yake ni kuyauliza maneno yalikotoka. Nianze basi na maneno yenyewe, kwani aghalabu neno hujua mambo ambayo mwenye kulitumia ameyasahau.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Katika ngoma za pwani, kutuza si jambo la faragha. Mtazamaji huinuka mahali pake, akamwendea mwimbaji au mchezaji uwanjani, akamtia noti mkononi au akamvika leso mbele ya kadamnasi. Humtuza kwa kuwa ameuona mchezo, ameusikia wimbo, na moyo wake umekolea. Asiyekuwapo uwanjani hatuzi. Ndipo lilipochipuka neno letu tuzo.

Ruzuku ni neno la ukoo mwingine. Limetoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa tumbo moja na riziki: kile ambacho Mwenyezi Mungu humjalia mja wake. Anayeruzukiwa hachagui, hupokea na kushukuru. Kwa hiyo tuzo hutoka kwa aliyeona, ilhali ruzuku hutoka kwa aliye nacho. Mtafiti wa chuo kikuu huishi kati ya maneno hayo mawili. Swali langu leo ni hili: ikiwa ruzuku yake yatoka mbali, na tuzo yake pia yatoka mbali, ni nani hapa nyumbani aliyeuona mchezo wake?

Tuitazame mifano. Marehemu Profesa Thomas Odhiambo alikuwa mtaalamu wa wadudu. Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Science la Marekani akitaka sayansi ya Afrika Mashariki ijengewe vituo vyake imara vya utafiti. Mwaka 1970 alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu, kinachojulikana hadi leo kwa ufupisho wa ICIPE. Mwaka 1987 alituzwa kwa uongozi wake katika vita dhidi ya njaa barani Afrika, pamoja na Abdou Diouf aliyekuwa Rais wa Senegal. Shirika lililotoa tuzo hiyo lina makao yake New York. Odhiambo alifariki mwaka 2003. Ni wanafunzi wangapi wa shule zetu za upili wanaolijua jina lake? Nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza mara nyingi, na mikono inayoinuka huhesabika bila taabu.

Marehemu Profesa Wangari Maathai tunamjua sote, lakini tunamjua kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo. Alifundisha anatomia ya mifugo. Mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Mwaka 1982 alijiuzulu uhadhiri ili agombee kiti cha ubunge. Alipozuiwa kugombea, akakuta mlango wa chuo umekwisha kufungwa nyuma yake. Miaka miwili baadaye Sweden ilimtuza. Mwaka 1992, katika bustani ya Uhuru, polisi wa nyumbani walimpiga hadi akalazwa hospitali. Mwaka 2004 akapata tuzo ya amani ya Nobel, na ghafla bin vuu kila mtu akawa rafiki yake wa jadi. Leo chuo kile kile kina taasisi yenye jina lake. Vyema, lakini tusijifanye kwamba sisi ndio tulioanza kumtuza. Ugenini walipiga makofi, nasi tukageuka kutazama wanampigia nani.

Mfano wa tatu ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu umo katika sufuria zetu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuchunguza mboga za kienyeji: mnavu, ambao bara huitwa managu na Waluo huuita osuga, mgagani, ambao Wakisii huuita chinsaga na Wakalenjin saget, mrenda, kunde, mchicha na nyinginezo. Ameeleza mwenyewe kwamba utotoni vyakula vitokanavyo na wanyama vilimdhuru, hivyo akakulia kwenye mboga. Swali la utafiti wake, kwa hiyo, halikutoka katika ofisi ya mfadhili yeyote. Lilitoka jikoni.

Msomaji wa makamo atakumbuka jinsi mboga hizo zilivyodharauliwa. Ziliitwa magugu. Zilikuwa chakula cha maskini, au cha miezi ya njaa, na mgeni akija nyumbani zilifichwa, kabichi ikanunuliwa. Hata waliokuwa wakipanga utafiti wa kilimo waliutazama mnavu kama mmea wa kung'olewa. Profesa Abukutsa na wenzake walikusanya mbegu, wakachunguza ubora wake, wakapima virutubishi, wakaonyesha kwamba yale majani tuliyokuwa tukiyaonea haya yana protini, madini ya chuma na vitamini kuipita kabichi ile tuliyoiheshimu. Leo hii mnavu na mgagani huuzwa hata katika maduka makuu ya Nairobi, na bei yake si ya magugu.

Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya kisayansi inayobeba jina la Kwame Nkrumah. Mwaka 2014 alipewa nishani ya Edinburgh, kule Uskoti. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, kisha nikacheka peke yangu. Watu wa Edinburgh, ambao hawajui mnavu ukipikwa kwa maziwa una ladha gani, waliuona mchezo kabla ya wengi wetu tulao mnavu mara tatu kwa juma. Sisemi kwamba nyumbani hakuheshimiwa. Nasema kwamba mama muuza mboga wa Gikomba au Kongowea, ambaye biashara yake imekua kwa sababu ya utafiti huo, hajawahi kuusikia, na kwa hiyo hana namna ya kumtuza aliyeufanya.

Kwa nini mambo yako hivi? Mwenye kutafuta jibu hana budi kufuata fedha.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti, na ikaagiza kwamba kila mwaka wa fedha serikali iipatie kiasi kinachofikia asilimia 2 ya pato la taifa. Ni agizo zuri ajabu. Mataifa ya Afrika yalipokubaliana Lagos mwaka 1980, yalilenga asilimia 1 tu. Na Umoja wa Afrika ulipolirudia jambo hilo mwaka 2007, ulirudia asilimia 1 ile ile. Kenya, kwa kalamu moja, ikawapita wote mara mbili. Tatizo ni kwamba kalamu haitii fedha katika mfuko. Kiasi hicho hakijawahi kutolewa hata mara moja tangu sheria ipitishwe. Kwa mujibu wa takwimu zilizokusanywa na UNESCO, mwaka 2010 matumizi yote ya utafiti nchini, ya serikali, vyuo, kampuni na wafadhili kwa pamoja, hayakufika asilimia 1 ya pato la taifa. Na karibu nusu ya fedha hizo zilitoka nje ya nchi.

Karibu nusu. Tafakari maana yake. Mtumai cha nduguye hufa maskini, walisema wazee, lakini hapa umaskini unaonitia hofu si wa fedha. Ni umaskini wa maswali. Anayetoa ruzuku hachagui jibu. Mfadhili mwadilifu huliacha jibu lijitokeze lenyewe. Ila hulichagua swali, na swali lililokosa fedha hufa kabla halijazaliwa, bila tanga wala mazishi.

Nitatoa ushahidi wa karibu. Miaka kadhaa iliyopita niliomba ruzuku ya kukusanya msamiati wa wavuvi wa visiwa vya Lamu. Nilitaka majina ya pepo, kuanzia kaskazi na kusi hadi matlai na umande. Majina ya maji, kuanzia bamvua hadi maji mafu. Majina ya samaki katika kila umri wao, na ya kila kamba na kila ubao wa chombo. Maarifa hayo yamo vichwani mwa wazee ambao wajukuu wao sasa huvua kwa mashine au hawavui kabisa. Mfadhili mmoja wa ng'ambo alinijibu kwa adabu kubwa. Alisema pendekezo langu lilimpendeza, ila msamiati peke yake haukuwa miongoni mwa mambo aliyoyapa kipaumbele mwaka ule. Lau ningeonyesha jinsi wavuvi wanavyokabiliana na mabadiliko ya tabianchi, angelitazama upya. Nikaliandika upya. Ruzuku ikaja, nami nikaishukuru. Lakini nusu ya muda wangu kisiwani ilikwenda kwenye hojaji ambayo si mimi wala mvuvi aliyeitunga. Wazee wawili niliokuwa nimekusudia kuanza nao walifariki kabla sijaifikia orodha yangu ya pepo. Mabadiliko ya tabianchi ni jambo zito, wala silidharau. Ila lilikuwa na watafiti wengine wengi. Wazee wale walikuwa na mimi tu.

Wala tusidhani kwamba wenye fedha nyingi huona mbali kuliko wengine. Katalin Karikó, mzaliwa wa Hungaria, alikuwa akichunguza chembechembe za ujumbe wa urithi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Maombi yake ya ruzuku yalikataliwa mara kwa mara. Waliopima waliona swali lake halina matunda. Mwaka 1995 chuo kilimshusha cheo. Aliendelea, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Drew Weissman wakachapisha ugunduzi ambao baadaye ulitumiwa kutengeneza chanjo za korona. Mwaka 2021 baadhi ya chanjo hizo zilidungwa katika mikono ya Wakenya. Mwaka 2023 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel ya tiba. Ikiwa Marekani, yenye wafadhili chungu nzima, iliweza kukosea namna hiyo, seuze nchi ambayo maswali yake hupimwa na watu wasioishi ndani yake? Dawa ya makosa ya wapimaji ni kuwa na wapimaji wengi wa aina mbalimbali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana ile asilimia 2 si suala la mishahara ya wahadhiri; ni haki ya nchi kujiulizia maswali yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fedha za wageni zimefanya mema mengi. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, pamoja na wenzao wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza na wa taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, wamekuwa wakiwafundisha wakulima wa nyanza za Ziwa Viktoria mbinu ya kusukuma na kuvuta. Mkulima hupanda kati ya mistari ya mahindi mmea wa jamii ya kunde uitwao desmodiamu, ambao harufu yake huwafukuza viwavi wanaotoboa mabua; kisha hulizungushia shamba nyasi za nepia, ambazo huwavuta wadudu hao nje. Desmodiamu hiyo hiyo huzima gugu lile la zambarau ambalo Waluo huliita kayongo, linyonyalo mizizi ya mahindi. Wakfu wa Gatsby wa Uingereza ulilipia kazi hiyo kwa miaka mingi bila kuchoka. Nani atasema haikufaa? Angalieni pia kwa nini ilifaulu: mtafiti hakuweza kuimaliza kazi yake katika maabara. Alilazimika kumweleza mkulima, shambani, kwa lugha ya mkulima, mpaka mkulima akaelewa na kumweleza jirani.

Hapa ndipo ninapofikia kiini cha maneno yangu.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa lugha, nimeombwa mara nyingi kutafsiri fomu za ridhaa. Msomaji asiyezijua aelewe hivi: mtafiti wa tiba au wa jamii haruhusiwi kumchukua mtu damu, wala kumhoji, kabla mtu huyo hajaelezwa kwa lugha anayoielewa utafiti unahusu nini na una hatari gani, naye akakubali kwa hiari. Ni kanuni njema, na wafadhili huisimamia kwa ukali. Kazi ya tafsiri hiyo si nyepesi. Nimetumia siku nzima nikitafuta namna ya kusema kwamba baadhi ya watu watapewa dawa na wengine kidonge kisicho na dawa ndani yake, na kwamba hata daktari hatajua nani kapata kipi. Mara ya kwanza niliandika kwamba watu watagawanywa kwa bahati nasibu. Wanakijiji waliosomewa rasimu wakauliza mshindi atapata nini. Tukaibadilisha, tukaandika kwamba ni kama kupiga kura ya vijiti. Hilo lilieleweka.

Katika kijiji kimoja cha bara ya pwani, tulipomaliza kusoma fomu mpya, bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma aliomba kusema. “Mwanangu,” aliniambia, “hawa si wa kwanza. Walikuja wa damu, wakaja wa choo, wakaja wa kupima vichwa vya watoto. Tumewapa vyote. Majibu yao yako wapi?” Nilimjibu, “Nitakuulizia, bibi.” Nikauliza kweli. Kiongozi wa mradi, mtu muungwana, alinionyesha bajeti. Kulikuwa na kifungu cha kutafsiri fomu za ridhaa. Kulikuwa na kifungu cha kulipia uchapishaji katika majarida na cha nauli ya kwenda kwenye kongamano Ulaya. Kifungu cha kuyarudisha matokeo kijijini hakikuwapo, kwa sababu hakuna aliyekidai.

Tangu siku hiyo nimefanya hesabu yangu mwenyewe. Fomu za ridhaa nilizotafsiri zimejaza faili nzima. Ripoti za matokeo nilizoombwa kuzitia katika Kiswahili ni sifuri. Tunakitumia Kiswahili kuomba, hatukitumii kujibu. Lugha ya taifa imekuwa mlango wa kuingilia tu. Mtafiti akishapata alichokijia hutokea kwa mlango mwingine, na huko nje hungojewa na jarida, cheo, ruzuku ya pili na nishani.

Si kila mahali ndivyo. Kituo cha utafiti wa tiba kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, kwa ushirikiano wa taasisi yetu ya KEMRI na wakfu wa Wellcome wa Uingereza, kimekuwa na wawakilishi wa wanakijiji wanaokutana na watafiti na kuzungumza nao. Watoto wa Kilifi na wa magharibi mwa Kenya walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Wazazi wao walihitaji kuelewa, na walieleweshwa. Kwa hivyo jambo hili lawezekana. Ila lisibaki hisani ya kituo kimoja chenye uwezo. Na liwe wajibu wa kila anayetumia fedha za umma na miili ya watu.

Nazijua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni ile ya siku zote: Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Hasha! Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na mwaka huo huo ikachapisha kamusi ya isimu. Wenzetu wa Tanzania wamekuwa wakiandika makala za kitaaluma kwa Kiswahili katika majarida ya taasisi hiyo kwa miongo mingi. Tena mkulima haitaji istilahi zote. Anataka kujua ni mbegu ipi, ipandwe lini, na kwa nini. Mtafiti asiyeweza kulieleza hilo bila Kiingereza labda bado hajalielewa vizuri yeye mwenyewe.

Ya pili ni kwamba sayansi haina mipaka, na anayetaka kusomwa na ulimwengu lazima aandike lugha ya ulimwengu. Na aandike. Hakuna anayemkataza. Mimi mwenyewe huandika makala zangu nyingi kwa Kiingereza, kwa kuwa wanaoshughulika na swali langu wako Leiden, Tokyo na Dar es Salaam. Ninachoomba ni kurasa nne za ziada kwa waliompa mtafiti data yake. Kurasa nne hazimzuii mtu kusomwa Tokyo.

Ya tatu inatoka ndani ya nyumba yetu wenyewe, nayo ndiyo inayouma. Kamati moja ya kupandisha vyeo iliwahi kunieleza kwamba kijitabu nilichowaandikia walimu wa shule za msingi kwa Kiswahili, ambacho kilisomwa na watu wengi kuliko makala zangu zote zikijumlishwa, hakina pointi yoyote. Makala iliyosomwa na wataalamu ishirini ilikuwa na pointi zake. Ruzuku niliyoleta kutoka ng'ambo ilisifiwa. Kijitabu kikawekwa kando kama zawadi ya mtoto. Katika hali hiyo, kijana aliyemaliza shahada ya uzamifu jana, mwenye familia changa na mkataba wa muda, atakuwa mwehu kupoteza mwezi mzima akiwaandikia wanakijiji. Tusimlaumu kijana. Tuwalaumu wenye mizani.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 11 kinaitaka serikali itambue mchango wa sayansi na wa teknolojia za kienyeji katika maendeleo ya nchi. Vifungu hivyo viwili vimekaa katika kitabu kimoja kama majirani wasiosalimiana. Ni wakati wa kuwakutanisha, na gharama yake si kubwa.

Kwanza, Hazina ya Taifa ya Utafiti iweke sharti kwamba hakuna ruzuku itakayohesabiwa kuwa imekamilika kabla mtafiti hajawasilisha muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili chepesi, na kuonyesha kwamba umefika kwa waliotafitiwa: zahanatini, shuleni, kwenye baraza la chifu, redioni. Katika kila shilingi mia za ruzuku, shilingi moja itengwe kwa kazi hiyo. Wafadhili wa nje wakiona serikali yenyewe inadai, nao watadai, kama walivyojifunza kudai fomu za ridhaa.

Pili, vyuo vikuu viyape maandishi hayo pointi katika upandishaji wa vyeo. Zisiwe nyingi kuliko za jarida, ziwepo tu. Nimeishi chuoni muda wa kutosha kujua kwamba kitu chenye pointi hufanywa.

Tatu, kamati zinazopima maombi ya ruzuku ziwe na kiti kimoja cha mtu asiye profesa: mkulima, muuguzi, mvuvi au mwalimu. Hatapima mbinu za takwimu. Atauliza swali moja ambalo sisi wataalamu huona haya kuulizana: je, jambo hili lina maana kwa nani?

Na juu ya yote, wabunge waliopitisha sheria ya mwaka 2013 waambiane ukweli kuhusu ile asilimia 2. Kama nchi haina fedha hizo, basi waseme ni ngapi inazo, wazitoe kila mwaka bila kukosa. Mtafiti anayejua atapata kidogo kila mwaka anaweza kupanga. Anayeahidiwa kingi asipewe hupanga mzigo wake kwenda ugenini. Wengi wa wenzangu wamekwisha kuondoka, na kila aondokaye huenda na maswali yake.

Wako watakaosema kwamba nishani ni kipande cha bati na utepe, na kwamba mtafiti wa kweli hafanyi kazi kwa ajili ya makofi. Ni kweli. Lakini makofi ni ishara kwamba watu wako uwanjani. Uwanja ukiwa mtupu, mchezaji mwenye akili hufanya mojawapo ya mambo mawili: huacha kucheza, au hutafuta uwanja mwingine. Tukitaka acheze kwetu, tumweke mahali tunapoweza kumwona, aimbe kwa lugha tunayoisikia. Hapo tutajua lini ameimba vyema na lini amekosea, na leso ya kumvika tutaitafuta wenyewe.